May Morris: Mtarizi aliyeipa sindano hadhi ya sanaa

WAKATI ambapo wengi nchini Uingereza waliichukulia kazi ya sindano kuwa kipitisha muda cha wanawake majumbani, May Morris alisimama kidete kuthibitisha kwamba ni sanaa kamili.

Alizaliwa Machi 25, 1862, Bexleyheath, karibu na London. Babake, William Morris, alikuwa mshairi na mbunifu mashuhuri. Mamake, Jane, na mamake mdogo, Bessie Burden, walikuwa watarizi hodari, na ni katika familia hiyo ambapo binti huyo alijifunza kutarizi.

Mnamo 1885, akiwa na umri wa miaka 23 pekee, alikabidhiwa idara ya utarizi katika kampuni ya babake, Morris & Co. Alibuni ruwaza na kuwasimamia wanawake waliolipwa kwa kazi hiyo.

Katika kitabu chake, Decorative Needlework, kilichochapishwa 1893, alishikilia kwamba wepesi wa mkono hautoshi pasipo ubunifu. Kwa hoja hiyo, mtarizi alistahili kuhesabiwa miongoni mwa wasanii, sawa na mchoraji.

Hata hivyo, jina la babake lilimfunika. Ruwaza yake ya maua iliyopamba karatasi za ukutani mnamo 1883, Honeysuckle, ilidhaniwa na wengi kwa miaka mingi kuwa kazi ya mzee huyo.

Isitoshe, Art Workers' Guild, chama kikuu cha mafundi na wasanii jijini London, hakikuwapokea wanawake. Badala ya kubisha mlango uliofungwa, May alishirikiana na wenzake mnamo 1907 kuunda chama chao, Women's Guild of Arts. Miaka miwili baadaye alivuka bahari kwenda Marekani kutoa mihadhara.

Baada ya babake kufariki 1896, ni yeye aliyehariri maandishi yake katika majuzuu 24. Mlinzi huyo wa sifa za mzazi wake alichelewa kupata zake. Aliaga dunia Oktoba 17, 1938, Kelmscott, akiwa na umri wa miaka 76, na ilichukua miongo mingi kabla ya maonyesho makubwa ya kazi zake kuandaliwa London mnamo 2017.

Kufikia wakati huo, sindano ilikuwa imeingia katika majumba ya sanaa. Ghada Amer, msanii mzaliwa wa Misri, hutarizi maumbo ya wanawake kwenye turubai, akihoji jinsi jamii inavyowatazama. Kazi iliyodharauliwa kwa kuwa ya kike sasa ndiyo inayouliza maana ya kuwa mwanamke.