Richard Nickel: Mpigapicha aliyefia ndani ya nakshi alizozitetea

MPIGAPICHA Richard Nickel alizaliwa jijini Chicago, Marekani, mwaka wa 1928. Aliaga dunia katika jiji hilo hilo mwaka wa 1972, akiwa na umri wa miaka 43, chini ya kifusi cha jengo alilokuwa akiokoa masalio yake.

Nickel alisomea upigaji picha katika Institute of Design. Huko, mwalimu wake Aaron Siskind aliwatwika wanafunzi jukumu la kupiga picha za majengo ya msanifu Louis Sullivan na mshirika wake Dankmar Adler. Wenzake walimaliza zoezi hilo wakashika hamsini zao. Yeye hakuliacha mpaka kufa.

Miongoni mwa majengo hayo ni Auditorium, lililofunguliwa mwaka wa 1889 likiwa na ukumbi wa maonyesho, afisi na hoteli chini ya paa moja. Hoteli hiyo ilisifika kwa ngazi zake pana, sakafu za vijiwe vya rangi na plasta iliyopakwa dhahabu. Ukumbi wake wa kulia chakula, katika orofa ya 10, ulitazama Ziwa Michigan. Tangu 1946 jumba hilo limekuwa la Chuo Kikuu cha Roosevelt.

Kupiga picha ndani ya majumba kama hayo ni kazi ya subira. Mwanga ni haba, hivyo kamera husimamishwa imara na lenzi kuachwa wazi kwa muda mrefu. Isitoshe, kamera ikiinamishwa hata kidogo, nguzo huonekana kana kwamba zinaanguka.

Hata hivyo, picha hazikuweza kuzuia nyundo. Mwaka wa 1960, Nickel aliandamana barabarani akiwa na bango kutetea ukumbi wa Garrick, kazi ya Sullivan na Adler ya mwaka wa 1892. Mwaka uliofuata ukumbi huo ulianza kubomolewa ili kupisha maegesho ya magari. Ndipo yeye na wenzake wakaingia vumbini kung'oa nakshi, kipande kwa kipande, zisije zikatupwa jaani.

Zamu ya jengo la Soko la Hisa la Chicago, lililokamilika mwaka wa 1894, iliwadia. Aprili 13, 1972, Nickel aliingia humo peke yake. Sehemu ya jengo ikamporomokea. Maiti yake ilipatikana Mei 9, takriban majuma manne baadaye, huku mchumba wake akingoja harusi iliyopangiwa Juni.

Majuto ni mjukuu. Chumba cha biashara cha Soko hilo kilijengwa upya ndani ya jumba la sanaa la Art Institute of Chicago mwaka wa 1977, kwa kutumia vipande vilivyookolewa. Kitabu alichokusudia kuhusu majengo yote ya Adler na Sullivan kilichapishwa mwaka wa 2010, miaka 38 baada ya kifo chake.

Nickel amezikwa katika makaburi ya Graceland, alikolazwa pia Sullivan.