Mzee Kitereza wa Ukerewe, aliyesoma Rubya

Katika kijitabu hiki cha miaka 10 ya chama chetu wengi mtategemea kusoma habari za hisa, mikopo na marejesho, na zote zimo kurasa za mbele. Hapa tumeomba nafasi kidogo tumkumbuke mzee mmoja ambaye hakuwa Mhaya, wala chama chetu hakukijua, lakini aliyoyaandika tunakutana nayo kila siku ya kikao.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 kisiwani Ukerewe, ng'ambo ya ziwa letu, katika ukoo wa watawala wa huko. Alisomeshwa misheni ya Kagunguli, na mwaka 1909 akaletwa seminari ya Rubya, hapa hapa Muleba. Ndiyo, Rubya ileile tunakopeleka wagonjwa wetu. Alikaa miaka kumi hivi, akajua Kilatini na Kijerumani, lakini upadre hakuupata. Akarudi kwao, akamwoa Anna Katura, na kazi yake ya miaka mingi ikawa ukatekista na kufasiri maandiko ya misheni.

Watoto waliowapata hawakuishi. Jamani, mwanamke yeyote wa huku anajua maneno yanayofuata hapo, toka kwa mawifi hadi kisimani. Hata humu chamani wamo waliojiunga wakiwa wamerudishwa kwao kwa sababu hiyo hiyo. Mzee Kitereza hakuoa mke wa pili. Alizeeka na Anna wake, wakiwa maskini, mwili wake umekazwa na ugonjwa wa viungo.

Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa Kikerewe, hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mtu wa ukoo wa kitawala, msomi wa Kilatini, hakuandika habari za wafalme. Aliandika habari za mkulima na mkewe wasio na mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga Bugonoka mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua. Mume naye hataki mwingine, anamfuata ukweni, anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Hapo ndipo tulipocheka sana kikaoni, maana huku kwetu tunajua rubisi inavyowatoa wanaume jasho! Baadaye wanakwenda wote wawili kwa mganga, na mume naye anahusika na tiba. Kwa enzi zile hilo si dogo.

Wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, halafu wa kike, Bulihwali. Anayejua Kihaya hahitaji kufasiriwa: wa kwanza ni nakaa nacho, yaani kifo, wa pili unauliza huzuni itakwisha lini.

Hatukukubaliana naye kila mahali. Kazi za mke na za mume kazipanga kama vile haziwezi kubadilika, na ile pombe ya faini inakwenda kwa wakwe. Bugonoka aliyetukanwa hapati hata kibuyu kimoja. Alichokuwa nacho ni mama yake, na wanawake wanaomzunguka siku ya kujifungua. Kitabu cha akiba chenye jina lake mwenyewe hakuwa nacho. Wenzetu wengine walisema basi ni hadithi ya zamani. Mama mmoja akawauliza, zamani ya nani? Tukanyamaza kidogo.

Wachapaji hawakutaka lugha ya watu wachache, hivyo mzee akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kurasa mamia kwa mamia, vidole vikimuuma. Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980 katika juzuu mbili, zilizopigwa chapa China. Mzee Kitereza alifariki mwaka 1981, nakala hazijamfikia.

Sisi juzuu zote mbili tunazo, tunaazimana. Ya kwanza iko kwa mwanachama wa Kamachumu tangu masika, na wenzake wa Bukoba mjini wanaisubiri.