Kalala Bombardier, mutu wa goli aliyekuwa kocha

Jioni, watoto wa Alunguli wakicheza mupira kwenye mchanga kando ya Lualaba, kila mumoja anataka kufunga goli. Hakuna anayependa kubaki nyuma. Ndiyo maana leo tunawakumbusha Papa Pierre Kalala Mukendi, yule waliyemwita Bombardier. Vijana walio leo kwenye mashimo hawakumuona akicheza, lakini wazee wetu wa wakati wa radio wanamujua.

Kalala alichezea Tout Puissant Englebert ya Lubumbashi, mji wa shaba. Ile timu leo tunaiita Mazembe. Kazi yake ilikuwa moja: akipata mupira mbele ya goli, anapiga kwa nguvu. Englebert ikachukua kombe la klabu bingwa za Afrika 1967, ikarudilia 1968. Mbele yao hakuna klabu iliyokuwa imelichukua mara mbili kwa kufuatana.

Siku yake kubwa ni 21 Januari 1968, kule Addis Abeba. Kwenye kundi Congo ilipigwa na Ghana 2-1, na Ghana ndiyo walikuwa mabingwa wa 1963 na 1965. Hatukuvunjika moyo. Tukawatoa wenyeji Ethiopia 3-2, kisha kwenye finali tukakutana tena na Ghana wale wale. Dakika ya 66, Kalala akafunga: 1-0. Ndilo kombe la kwanza la Afrika kwa inchi yetu.

Miguu ilipochoka, akawa kocha, akapewa hata timu ya taifa. Hapo kazi ilikuwa ngumu zaidi. Mutu aliyezoea kumaliza mambo kwa shuti moja sasa anasimama pembeni, anafundisha, anangojea mguu wa mwingine. Akiwa kocha hakutuletea lile kombe. La mwisho tulilipata 1974, na mpaka leo tunangoja.

Sisi watu wa migodi tusimuhesabie hilo kuwa aibu. Nguvu za kupiga nyundo haziishi na mutu mpaka uzee. Lakini muzee anayebaki kuonyesha vijana wapi jiwe linaweza kuanguka, huyo naye anafanya kazi.

Papa Kalala alituacha 2015. Wazazi, muwaambie watoto jina lake, wasikumbuke goli peke yake.