Daktari aliyepuuzwa ana funzo kwa wodi zetu

Nimefundisha Sayansi kwa miaka mingi, nikiishi Ruiru na kusafiri kila asubuhi hadi Thika. Kila nifikapo katika somo la vijidudu na maradhi, huwauliza wanafunzi wangu ni nani aliyeonyesha kwa hesabu kwamba mikono ya daktari yaweza kuwa chanzo cha mauti. Wengi humtaja Pasteur, wengine Fleming. Ni nadra kumsikia mwanafunzi akimtaja Ignaz Semmelweis. Siwalaumu, kwani hata walimwengu wa zama zake walimkana.

Nimeamua kuyasimulia maisha yake leo kwa sababu ya jambo lililotufika katika jamaa yetu. Shemeji yangu, mke wa ndugu yangu, alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja humu nchini ambayo sitaitaja. Mtoto alizaliwa akiwa mzima. Siku ya nne, jeraha la mama lilianza kutunga usaha. Akapewa dawa ya kwanza, haikusaidia. Akapewa ya pili, nayo ikawa kama maji. Vipimo vya maabara vilipotoka, tuliambiwa kwamba vijidudu vilivyomo katika kidonda vilikuwa sugu kwa dawa nyingi za kawaida. Alikaa wodini majuma saba.

Nilimtembelea mara kwa mara. Kama ilivyo ada yetu, baada ya kumshika mkono na kumtengenezea shuka, nilizunguka vitanda vya jirani nikiwasalimu wagonjwa wengine mmoja baada ya mwingine. Niliona huo ndio utu. Juma moja baadaye mama wa kitanda cha pili alishikwa na homa, na jeraha lake likaharibika vivyo hivyo. Sijui kama ni mkono wangu uliompelekea maradhi, wala sitapata kujua. Lakini swali hilo limenikosesha usingizi, na ndilo lililonirudisha kwa Semmelweis.

Alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 katika mji wa Buda, ambao leo ni sehemu ya Budapest, jiji kuu la Hungaria. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyakula mwenye uwezo. Mwaka wa 1837 kijana huyo alikwenda Vienna kusomea sheria, lakini haukupita muda akaiacha na kuingia katika udaktari. Alihitimu mwaka wa 1844, na ilipofika Julai 1846 alikuwa msaidizi wa Profesa Johann Klein katika wodi ya kwanza ya uzazi ya Hospitali Kuu ya Vienna.

Hospitali hiyo ilikuwa na wodi mbili za uzazi. Ya kwanza ilitumiwa kuwafunza wanafunzi wa udaktari, na ya pili kuwafunza wakunga. Katika mwaka wa 1846, kati ya kila wanawake 100 waliojifungulia wodi ya kwanza, zaidi ya 11 walifariki. Katika wodi ya pili hawakufika watatu. Walichokufa nacho ni homa ya uzazi. Jambo hili halikuwa siri mjini. Wanawake walipiga magoti wakilia wasipelekwe wodi ya kwanza. Wengine waliona heri kujifungulia njiani kuliko kulazwa humo, na ajabu ni kwamba waliojifungulia njiani walipona zaidi.

Wakubwa wa hospitali walikuwa na majibu tele. Walisema ni hewa chafu ya mji, ni msongamano, ni hofu ya akina mama. Semmelweis aliyapima majibu hayo moja baada ya jingine. Hewa haikuweza kuwa sababu, kwa kuwa wodi zote mbili zilikuwa katika hospitali moja. Msongamano nao haukuwa sababu, kwa kuwa wodi ya wakunga ndiyo iliyojaa zaidi. Alibadili hata namna akina mama walivyolazwa wakati wa kujifungua. Akamwomba kasisi aliyekuwa akipita na kengele kuwaombea walio mahututi asiilize tena, isije ikawa mlio wake ndio uwatiao hofu. Vifo havikupungua.

Mnamo Machi 1847 rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alichomwa kidole kwa kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakichunguza maiti. Baada ya siku chache akafariki. Semmelweis alipoisoma ripoti ya uchunguzi wa mwili wa rafiki yake, aliona dalili zile zile alizozizoea katika miili ya akina mama wa wodi yake. Hapo akaunganisha mambo. Madaktari na wanafunzi wao walianza siku katika chumba cha maiti, kisha wakaenda moja kwa moja kuwapima wajawazito. Wakunga hawakupasua maiti. Basi kilichowaua akina mama kilitoka kwenye maiti na kubebwa na mikono ya waganga wenyewe, naye alikuwa mmoja wao. Alikiri waziwazi kwamba hakujua ni wangapi waliokwenda kaburini kwa sababu yake.

Katikati ya Mei 1847 aliamuru kila aingiaye wodini anawe mikono kwa maji yenye klorini. Mwezi wa Aprili waliofariki walikuwa 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni walikuwa wawili hivi, na Julai mmoja hivi. Mwaka uliofuata ilipita miezi miwili ambayo hakufa mama hata mmoja.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo vitabu vingi vya shule huiruka, nami naiona kuwa kiini cha mambo. Oktoba 1847 mama mmoja mwenye saratani ya mji wa mimba alilazwa katika kitanda cha kwanza cha wodi. Madaktari walianzia kwake, kisha wakaendelea na wenzake bila ya kunawa tena kwa klorini. Kati ya akina mama 12 waliokuwa wodini, 11 walifariki. Semmelweis akatambua kwamba kosa lake lilikuwa kudhani kuwa sumu hutoka kwa maiti tu. Mgonjwa aliye hai naye aweza kuwa chanzo. Tangu siku hiyo aliamuru mikono ioshwe baina ya mgonjwa na mgonjwa.

Ungetarajia, msomaji, kwamba mtu huyu angeshangiliwa. Sivyo ilivyokuwa. Vijidudu vilikuwa havijajulikana bado kuwa ndivyo viletavyo maradhi hayo, na madaktari wengi waliona ni matusi kuambiwa kwamba mikono yao ya kiungwana ni michafu. Mwaka wa 1849 mkataba wake haukuongezwa. Mgala muue na haki yake mpe: naye pia alikosea. Hakuandika upesi, akawaachia rafiki zake kumsemea. Mwaka wa 1850 aliondoka Vienna ghafla, bila hata kuwaaga waliomtetea. Huko Pest, katika hospitali ya Mtakatifu Rochus, alishusha vifo vya homa hiyo hadi chini ya mmoja katika kila 100. Mwaka wa 1855 akafanywa profesa. Kitabu chake kilitoka miaka 14 baada ya ugunduzi, nacho kilikuwa kirefu na kigumu. Kilipopuuzwa, aliandika barua za hadharani akiwaita wapinzani wake wauaji. Walioweza kushawishika wakafunga masikio.

Akili yake ilianza kuvurugika. Mnamo Julai 1865 alipelekwa kwa hila katika makao ya wagonjwa wa akili mjini Vienna. Yaelekea alipigwa na walinzi. Jeraha lake likaoza, sumu ikaenea mwilini, naye akafariki tarehe 13 Agosti 1865 akiwa na umri wa miaka 47. Alikufa kwa ugonjwa wa namna ile ile aliyoipiga vita maisha yake yote. Siku moja tu kabla ya kifo chake, Joseph Lister alitumia mjini Glasgow asidi ya kaboliki katika jeraha la mtoto aliyevunjika mguu. Mwaka wa 1879 Pasteur aliwaonyesha madaktari wa Paris kijidudu cha homa ya uzazi.

Kisha zikaja dawa. Fleming aligundua penisilini mwaka wa 1928, na ilipofika miaka ya 1940 ilikuwa ikiwaponya watu kwa maelfu. Mwenyewe alionya mwaka wa 1945, alipopokea Tuzo ya Nobel, kwamba dawa ikitumiwa pungufu itavizoeza vijidudu. Onyo lake likaenda njia ya onyo la Semmelweis. Tulifanya dawa kuwa badala ya usafi. Lakini dawa huua vijidudu dhaifu na kuviacha vilivyo imara vizaane, na mikono isiyooshwa huvisambaza hivyo vilivyobaki kutoka kitanda hadi kitanda. Wataalamu walikadiria kwamba katika mwaka wa 2019 usugu wa bakteria kwa dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani.

Wala tusidhani kwamba haya hayatuhusu, au kwamba hatuwezi kuyarekebisha. Hapa hapa Thika, katika hospitali yetu ya Ngazi ya Tano, uchunguzi ulifanywa mwaka wa 2010 na 2011, matokeo yake yakachapishwa mwaka wa 2013. Ilikuwa desturi kwa karibu kila aliyepasuliwa kupewa viuavijasumu baada ya upasuaji, na ni wachache mno waliopewa kabla ya kisu kugusa ngozi, wakati ambapo dawa hufaa zaidi. Hospitali ilitunga mwongozo mpya, madaktari na wauguzi wakaubadili mtindo huo. Maambukizi ya juujuu ya majeraha hayakuongezeka, bali yalipungua. Dawa iliyotumiwa ikapungua, na wauguzi wakapunguziwa kazi. Naiona kuwa fahari ya mji wetu, ingawa sijasikia ikitajwa katika hotuba yoyote ya siku za sherehe.

Kwa hivyo nina maoni matatu. Kwanza, kuwahimiza wauguzi wanawe mikono ilhali bomba limekauka ni kuwadhihaki. Wenye kugawa fedha za kaunti watangulize maji, sabuni na spiriti ya mikono kando ya kila kitanda, kabla ya kujenga lango jipya. Kijidudu kilichoishinda dawa ghali huondoka kwa sabuni. Pili, kila wodi ihesabu majeraha yanayooza, kama alivyofanya Semmelweis kwa vifo, na kubandika hesabu hiyo ukutani. Bila hesabu, kila mtu hubaki na kisingizio chake. Tatu, mgonjwa au muuguzi mdogo aruhusiwe kumkumbusha daktari mkuu anawe, bila kuonekana mkosefu wa adabu. Kiburi ndicho kilichowaua akina mama wa Vienna hata baada ya ukweli kujulikana.

Nanyi wanafunzi wangu wa Thika na Ruiru, mnaonunua vidonge viwili vitatu dukani kila koo linapowasha, jueni kwamba mnavifuga vijidudu ambavyo kesho vitamkuta mama yenu wodini. Mwendapo na kikundi cha kanisa au cha shule kuwaona wagonjwa, naweni kabla ya kuingia, naweni mtokapo, na baina ya kitanda na kitanda salimuni kwa maneno. Walimu wenzangu, tarehe 5 Mei kila mwaka ni siku ya usafi wa mikono duniani. Tuitumie kumfundisha Semmelweis, mafanikio yake na makosa yake.

Shemeji yangu alipona. Mama wa kitanda cha pili alihamishiwa hospitali nyingine, wala sikupata habari zake tena. Siku hizi nikiingia wodini huanza kwa kutafuta mahali pa kunawa. Nisipopaona, huuliza.