Imam Shafi: Yatima Aliyesafiri Kutafuta Elimu

Wengi wetu visiwani tunaswali na kufunga kwa madhehebu ya Imam Shafi (Rahimahu Allaah), lakini ni wachache tunaowahadithia watoto wetu namna alivyosoma. Alizaliwa Ghaza mwaka 150 Hijria (767). Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, na mama yake akamchukua mpaka Makka. Mama huyo mjane hakuwa na cha kumlipa mwalimu; mwalimu akaridhika kijana amsaidie kuwasomesha wenzake. Karatasi zilimshinda kununua, akawa anaandika masomo yake juu ya mifupa na kuiweka mtungini.

Alihifadhi Muwatta kwanza, ndipo akafunga safari ya Madina kwa mwenye kitabu, Imam Malik, akamsomea kwa moyo. Baadaye alisoma Iraq kwa Muhammad bin al-Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa. Alifariki Misri mwaka 204 Hijria (820).

Basi tunapowaaga watoto wetu waendao masomoni ng'ambo, tusione haya kwa uchache wa masurufu. Tuwausie adabu mbele ya mwalimu, na tusiache kuwaombea dua. Allaah amrehemu Imam na mama yake. Aamiyn.