Samuel Baker, mwindaji aliyetafuta mbio za risasi mpaka kando ya ziwa letu

Wakaaji wa Boga, katika teritware ya Irumu, wanalijua ziwa ambalo mto Semliki unamwaga maji yake ndani. Wanyoro waliliita Mwitanzige. Jina la Albert lililetwa na Mwingereza Samuel White Baker, aliyelifikia tarehe 14 mwezi wa tatu 1864. Hilo tunafundishwa shuleni. Linalosahauliwa ni kwamba Baker alikuwa kwanza mtu wa bunduki, na bunduki hizo zilikuja kupiga watu wa eneo hili.

Alizaliwa London tarehe 8 mwezi wa sita 1821, katika familia yenye mali. Akiwa kijana wa miaka kama 19, alimwendea fundi Gibbs wa mji wa Bristol akiwa na mpango wake mwenyewe. Wakati ule mafundi wengi waliogopa kutia baruti nyingi. Baker alitaka kinyume: bunduki ya kilo tisa na nusu, risasi ya gramu 85, na baruti gramu 28, yaani theluthi moja ya uzito wa risasi. Risasi ikiwa na mbio, alifikiri, inakwenda moja kwa moja bila kuinama upesi kuelekea chini. Bunduki ilifanya kazi, na kwa bunduki hiyo aliwinda tembo na mbogo huko Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka.

Lakini baruti peke yake haitoshi. Katika bunduki za kujazwa kwa mdomo, mwindaji alimimina baruti kwa mkono, kisha akaisukuma risasi ndani kwa fimbo mpaka ikae juu ya baruti. Risasi ya Baker ilikuwa na mshipi uliozunguka na kuingia katika mifereo miwili ya mtutu. Ikilegea, moshi unapita pembeni na nguvu inapotea. Mafundi wa leo wanaojitengenezea risasi wana swali lililo karibu na hilo: wabane kiasi gani mdomo wa ganda juu ya risasi? Ikibanwa vizuri, risasi inasita kidogo sana kabla ya kutoka, nguvu inajijenga, na baruti inaungua sawasawa. Mbio haziongezeki sana. Faida kubwa ni kwamba risasi zote zinatoka na mbio zilizokaribiana. Ikibanwa kupita kiasi, risasi inaharibika umbo na shabaha inapotea.

Baker mwenyewe alipita kiasi mara moja. Fundi Holland wa London alimtengenezea bunduki ya kurusha kombora la gramu 227 lenye kulipuka ndani. Waarabu wa Sudani waliiita mtoto wa mzinga. Ilimzungusha kila alipoipiga, na kwa miaka mingi aliipiga mara ishirini hivi tu.

Kwenye ziwa alifika akiwa mgonjwa, pamoja na Florence, mwanamke aliyempata katika soko la watumwa la Vidin mwaka 1859. Kutoka ukingo wa mashariki aliona milima ya bluu upande wa pili, yaani milima yetu ya Ituri, lakini hakuvuka. Alidhani ziwa linaendelea mbali sana kusini; kumbe maji yanakomea kwenye bonde la Semliki, chini ya Boga.

Mwaka 1869 Khedive Ismail wa Misri alimpa cheo cha pasha na mshahara wa pauni 10,000 kwa mwaka, akomeshe biashara ya watumwa na kuiteka nchi ya Nile ya juu. Kazi hizo mbili zilipingana, kwa maoni yangu, tangu siku ya kwanza. Tarehe 14 mwezi wa tano 1872, akiwa Masindi na askari karibu mia moja, alitangaza kwamba Bunyoro ni mali ya Misri. Mfalme kijana Kabalega hakukubali. Tarehe 8 mwezi wa sita vita vilianza.

Walinzi wa Baker walikuwa na bunduki za Snider, zinazojazwa kwa nyuma, baruti na risasi zikiwa tayari pamoja ndani ya ganda. Anayejaza kwa mdomo anahitaji muda na mikono miwili. Snider ilimaliza kazi hiyo kwa sekunde chache. Masindi ikachomwa moto. Hata hivyo Baker alishindwa kukaa: siku sita baadaye alirudi nyuma kaskazini, akirushiwa mikuki kutoka majani marefu. Kabalega naye alielewa somo, akaanza kutoa pembe za tembo kununua bunduki na kuunda jeshi lake, abarusura.

Baker aliondoka mwaka 1873. Katika kitabu chake cha 1890 juu ya wanyama wa pori, bado alipima baruti na risasi. Alikufa Uingereza tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 1893. Mwezi huo huo jeshi la Colvile lilitoka Kampala kwenda kumpiga Kabalega, ambaye alikamatwa mwaka 1899 tu.