Sam Ntiro, Mchoraji wa Kazi za Kila Siku

Sam Joseph Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, katika miteremko ya Kilimanjaro. Alipofika Makerere alifundishwa uchoraji na Bibi Margaret Trowell, Mwingereza ambaye hakuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya wazinakili. Yeye alisimulia tukio. Wanafunzi wakaliona kwanza katika fikra zao, ndipo wakashika brashi.

Ntiro hakuiacha njia hiyo. Katika miaka ya 1950 alisoma Shule ya Slade, London, mahali ambapo wakati huo mwanafunzi aliketi mbele ya mtu aliye hai na kumchora kiungo kwa kiungo. Hata hivyo, picha zake ziliendelea kuwa za Uchaggani, zikitoka kichwani mwake: watu wakilima kwa ushirika, wakichuma kahawa, wakikata kuni. Watu hao ni wadogo na nyuso zao hazitambulikani, hata baadhi ya wakosoaji wakaziona picha hizo kuwa za kitoto. Nadhani walikosea. Miaka hiyo hiyo Mmarekani Norman Rockwell alichora maisha ya kila siku kwenye majalada ya gazeti la Saturday Evening Post, majirani zake wakipigwa picha kwa kamera chini ya maelekezo yake kabla hajawachora. Kwa Rockwell, uso ndio unaosimulia habari. Kwa Ntiro, habari imo katika migongo iliyoinama pamoja. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wampelekeao bibi arusi pombe ya ndizi usiku, imehifadhiwa katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York.

Alifundisha Makerere, akawa Balozi wa Tanganyika mjini London baada ya Uhuru wa 1961, kisha akashughulikia utamaduni serikalini na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993.

Mwalimu mwanafunzi aendaye Masasi au Newala kwa mazoezi ya kufundisha atawakuta watoto wanaochora nyumba yenye dohani itoayo moshi, kitu wasichopata kukiona kijijini kwao. Asianze kwa kuwachorea ubaoni. Awasimulie jinsi wanawake wa uwandani walivyoshuka bondeni kuteka maji wakati wa kiangazi, au korosho zinavyoanikwa juani, awape dakika chache za kimya, kisha agawe karatasi. Watoto wakimletea watu wasio na nyuso, asiwapunguzie alama.